Unaenda kuwekewa nyonga au goti bandia? Mwongozo kamili wa kukwepa maambukizi

Haya maswali yananifikia kila mara: mama goti limekwisha kaambiwa awekewe bandia, au dogo ana sikoseli, nyonga imekufa na umri wake ni miaka ishirini na kitu tu, sasa tufanyeje hicho chuma kisije kikaleta usaha ndani. Na karibu kila anayeuliza anataka kujua anywe dawa gani kali baada ya oparesheni. Mimi nipo upande wa thieta na wodi ya mifupa, na jibu langu huwa linawashangaza kidogo: kazi kubwa ya kuzuia maambukizi inafanyika kabla kisu hakijagusa ngozi, na sehemu nzuri tu ya hiyo kazi ni yako wewe na ndugu zako, siyo ya daktari. Vile vidonge vya baada ndo vina mchango mdogo kuliko vyote. Mwongozo ni mrefu, usome kwa mafungu, na pale daktari wako anaposema tofauti na mimi msikilize yeye manake ndo anayeijua hali yako.

Kwanza elewa kwa nini chuma ni kesi tofauti

Kidonda cha kawaida kikiingiwa na bakteria, damu inaleta chembe nyeupe, unaongezea na antibayotiki, wiki mbili yameisha. Chuma na plastiki havina damu ndani yake. Bakteria wachache tu, tena hawa hawa wanaoishi kwenye ngozi yako kila siku kama Staphylococcus aureus na mwenzake epidermidis, wakifika pale juu wananata, halafu wanajitengenezea utando na kujificha chini yake. Ule utelezi wa ndani ya ndoo ya maji isiyosuguliwa siku nyingi unaujua? Ukiimwagia maji safi na kuimwaga tena utelezi uko pale pale, mpaka usugue. Utando wa bakteria kwenye kiungo bandia ndo uko hivyo hivyo, antibayotiki inapita juu yake tu. Ndo maana maambukizi ambayo kwa mwingine ni dozi moja ya vidonge, kwako yanaweza kuishia kufunguliwa tena na chuma kutolewa.

Isikutishe sana. Kwenye nchi zinazoweka kumbukumbu vizuri, kati ya watu 100 wanaowekewa nyonga au goti kwa mara ya kwanza ni kama 1 hadi 2 wanaopata maambukizi ya ndani. Ukirudiwa oparesheni hatari inapanda, kwa hiyo nafasi yako nzuri ni ile ya kwanza.

John Charnley wa hospitali ya Wrightington kule Uingereza, ambaye nyonga bandia za leo zimetokana na kazi yake ya miaka ya 60, mwanzoni alikuwa anapata maambukizi kwa wagonjwa kama 7 kati ya 100. Akahangaika na hewa ya thieta, akajenga kibanda chenye hewa safi, akavaa nguo za kufunika mwili mzima zinazonyonya pumzi yake nje, glovu mbili mbili, mpaka akashuka chini ya 1 kati ya 100, na hiyo ni bila kuwapa wagonjwa antibayotiki za kinga. Siyo kwamba ukatafute hospitali yenye mitambo ya hewa ya gharama, hapana, takwimu za miaka ya karibuni zimeshindwa kuonyesha faida ya ile mitambo na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unashauri isitumike kwa lengo hilo. Ninachotaka ushike ni kwamba usafi wa kabla ulimfikisha mbali namna ile.

Hatua ya 1: miezi 3 kabla, sukari na mwili kwa ujumla

Sukari ndo namba moja. Sukari ikiwa juu chembe nyeupe zinafanya kazi kivivu na kidonda kinachelewa kufunga. Pima hata kama hujawahi kuambiwa una kisukari, manake wapo wengi wanaogundulika siku ile ile ya vipimo vya oparesheni na tarehe inasogezwa. Na usipime ile ya kidole asubuhi tu. Kuna wazee wajanja, wiki moja kabla ya klinik wanaacha ugali, wanaacha chai ya sukari, asubuhi wanakuja na 5.8 safi kabisa wanatabasamu. Kipimo cha HbA1c kinasoma wastani wa kama miezi 3 iliyopita, hakidanganyiki na wiki moja ya kufunga. Wapasuaji wengi wanataka kiwe chini ya 7.5 au angalau chini ya 8 kabla hawajakupangia tarehe.

Ila sasa kama una sikoseli, HbA1c inaweza kukupa jibu la uongo kabisa kwa sababu chembe nyekundu zako haziishi muda wa kawaida. Mkumbushe daktari, kipo kipimo kingine kinaitwa fruktosamini kinachoangalia wiki 2 hadi 3 zilizopita na hakitegemei chembe nyekundu. Naliweka hili kwa sababu huku kwetu vijana wengi wanaobadilishiwa nyonga wanatoka kwenye sikoseli, na mara nyingi fomu inajazwa HbA1c kama ya kila mtu.

Damu nayo pima mapema. Ukiingia thieta na damu ndogo utaongezewa, na kuongezewa damu kunaambatana na maambukizi zaidi, kwa hiyo tibu upungufu wiki kadhaa kabla siyo asubuhi ya oparesheni. Sigara acha angalau wiki 4 kabla. Uzito, kama BMI yako (kipimo cha uzito ukilinganisha na urefu) imepita 40 wengi watakuambia upunguze kwanza, lakini usije ukajinyima chakula mpaka ukaingia umechoka, mtu asiye na protini mwilini kidonda chake hakifungi hata awe mwembamba vipi. Mayai, maharage, dagaa, samaki, kula.

Mwenye VVU asikate tamaa wala asifiche. Malawi walianzisha usajili wao wa viungo bandia mwaka 2005, wa kitaifa kabisa, na wamefuatilia wagonjwa wa nyonga wenye VVU kwa miaka, matokeo yao ni ya kutia moyo. La msingi uwe kwenye dawa na virusi vimefubaa. Ukificha, daktari anashindwa kupanga.

Dawa za baridi yabisi na zile za kushusha kinga usiziache mwenyewe, nyingine zinaendelea kama kawaida nyingine zinasimamishwa kwa mahesabu. Peleka vidonge vyote kwenye mfuko, vikiwemo vya kienyeji, mwagie daktari mezani aone.

Hatua ya 2: acha kuchomwa sindano kwenye goti

Hii naomba isomwe mara mbili. Mtu anasubiri oparesheni, foleni ndefu au hela ya bima haijakamilika, maumivu yamezidi, anaingia duka la dawa la mtaani au zahanati anachomwa sindano ya steroidi ndani ya goti ili angalau alale. Goti linatulia kweli wiki kadhaa. Tatizo ukifanyiwa oparesheni ndani ya miezi 3 ya hiyo sindano, hatari ya maambukizi inapanda, hili limeonekana kwenye tafiti nyingi na ndo maana mabingwa wengi wanasogeza tarehe wakisikia umechomwa juzi. Kwa hiyo usichomwe, na kama umeshachomwa sema tarehe halisi hata kama unajua watakusogeza. Kusogezwa miezi miwili kunauma ila siyo kama kutolewa chuma.

Na chale je? Mtu anakuja na goti lina mistari mibichi kushoto kulia, dawa nyeusi imepakwa, kesho kutwa thieta. Ile ni mipasuko iliyo wazi pale pale ambapo kisu kinatakiwa kupita. Sitabishana na mtu kuhusu imani yake, ila ngozi lazima ipone kwanza.

Hatua ya 3: jikague kuanzia meno mpaka unyayo

Meno mabovu yang'olewe au yazibwe kabla, usaha wa fizi unaingia kwenye damu na damu inafika kila mahali. Majipu, ukurutu, vidonda vya kujikuna, vyote vitibiwe.

Miguu ndo watu wanaisahau. Kaa kwenye kiti, mwambie mtu wako ashike tochi ya simu, aangalie katikati ya vidole kimoja kimoja, hasa kati ya kidole cha nne na cha mwisho. Ukiona ngozi nyeupe imelowana inabanduka, hiyo ni fangasi, na pale chini pana ufa ambao bakteria wanaingilia. Geuza unyayo angalia kisigino, kama kimepasuka mpaka kinatoa damu sema. Kucha iliyoingia nyamani sema. Mgonjwa wa kisukari mwenye ganzi miguuni anaweza kuwa na kidonda kabisa na hasikii chochote, kwa hiyo asijikague peke yake.

Mkojo huwa unaleta vurugu isiyo na sababu. Kama unaumwa, unakojoa unaungua, una homa, tibiwa kwanza. Kama huna dalili yoyote ila karatasi imeandikwa una "pus cells" (chembe za usaha) kidogo, haisaidii kutibiwa kabla ya oparesheni ya mifupa, na miongozo mikubwa inashauri hata kutopima mkojo wa mtu asiye na dalili. Huku kwetu kila mtu anaambiwa ana UTI bana. Dozi unayokunywa bila sababu inawafundisha bakteria wako usugu, halafu ndo hao hao unaingia nao thieta.

Hatua ya 4: pua

Karibu mtu 1 kati ya 3 anabeba Staphylococcus aureus puani bila kuumwa. Mwaka 2010 Waholanzi walichapisha utafiti, waliwapima wagonjwa pua, waliokuwa nao wakapewa mafuta ya mupirosini ya kupaka puani na sabuni ya kloheksidini ya kuogea kwa siku 5, maambukizi ya bakteria huyo yakashuka kutoka asilimia 7.7 hadi 3.4. Shirika la Afya Duniani nalo linapendekeza hivyo kwa wanaojulikana kumbeba wanaoenda oparesheni za mifupa na za kifua. Hospitali nyingi huku hazipimi, ila kuuliza ni bure: "Dokta, mnapima pua?" Usijinunulie ukajipaka tu, mupirosini nayo inazoeleka.

Hatua ya 5: jioni na asubuhi ya siku yenyewe

Oga jioni, oga asubuhi. Ukipewa sabuni ya kloheksidini tumia, usipopewa ya kawaida inafaa pia, usiingie gharama. Osha kitovu, kwapa, mapajani na katikati ya vidole. Baada ya kuoga usipake mafuta wala losheni sehemu ya oparesheni, hata ya nazi, hata kidogo ili ngozi isipauke, acha ipauke. Vaa nguo iliyofuliwa, lalia shuka lililofuliwa.

Wembe marufuku. Narudia, wembe marufuku. Watu wanajinyoa mguu usiku kwa nia njema kabisa, kuwarahisishia manesi, na wembe unaacha mikwaruzo midogo isiyoonekana ambayo mpaka asubuhi ina bakteria kibao. Kama nywele ni lazima zitoke zinakatwa na mashine hospitalini, mara nyingi hazitolewi kabisa.

Kucha bandia toa, rangi ya kucha toa. Na kina mama wa pwani, hina mpya ya vidoleni hasa ile nyeusi iacheni mpaka mtoke, kile kidude kinachobanwa kidoleni kusoma oksijeni kinaweza kusumbuliwa nayo.

Hatua ya 6: thieta, na maswali unayoruhusiwa kuuliza

Antibayotiki inayofanya kazi kubwa ni ile inayochomwa kabla. Mara nyingi ni sefazolini, gramu 2 kwa mtu mzima, gramu 3 kama umefika kilo 120, ndani ya dakika 60 kabla ya kuchanwa, na kwa goti iwe imeingia kabla ule mkanda wa kubana paja haujajazwa upepo, manake ukishabana damu haishuki na dawa haishuki. Oparesheni ikipita masaa 4 inarudiwa. Lengo ni kwamba kisu kinapoingia dawa tayari imejaa kwenye nyama, bakteria akianguka pale asipate muda wa kunata. Ikichomwa baada ya kushonwa treni imeshaondoka.

Na hili siyo la huko mbali tu. Hospitali ya Thika Kenya ilikuwa kama sehemu nyingi huku, antibayotiki zilikuwa zinatolewa baada ya oparesheni kwa siku kadhaa. Walipobadilisha sera wakahamishia dozi kabla ya kisu, na matokeo yaliyochapishwa 2013 yakaonyesha maambukizi ya juu juu ya vidonda yamepungua, sindano na muda wa manesi vikaokolewa. Kabla ya hapo, 2009, ulitoka utafiti wa orodha ya ukaguzi ya thieta kwenye hospitali 8 duniani, London, Seattle, Toronto, na mojawapo ilikuwa Ifakara hapa Tanzania. Timu inasimama, inasoma kwa sauti: mgonjwa ni nani, upande gani, antibayotiki imeingia ndani ya dakika 60, vifaa vimethibitishwa vimeiva, yaani vimetakaswa havina vijidudu. Matatizo baada ya oparesheni yakashuka kutoka asilimia 11 hadi 7, vifo kutoka 1.5 hadi 0.8. Karatasi moja tu.

Kwa hiyo ukiwa wodini muulize nesi kwa heshima: "Samahani sista, ile antibayotiki ya kabla nachomwa saa ngapi na nani?" Hakuna nesi mzuri atakayekasirika. Na ukiulizwa aleji usijibu tu "sitaki penisilini", eleza ilikufanya nini. Kuharisha au kichefuchefu siyo aleji. Kuvimba uso, kushindwa kupumua, vipele mwili mzima, hiyo ni habari nyingine. Wengi walioandikwa aleji kwenye faili hawana, na wanaishia kupewa dawa mbadala isiyokinga vizuri kama sefazolini.

Kama umechomwa ganzi ya mgongo utakuwa macho, utaona mengi. Mafurushi ya vifaa yamefungwa na tepu, tepu ikitoka kwenye mtungi wa mvuke inakuwa na mistari myeusi. Ila hiyo mistari inasema tu furushi limepita kwenye joto, ndani kuna kikaratasi kingine kinachobadilika rangi, na nesi wa vifaa lazima akikague kabla hajaruhusu furushi litumike, ukimwona amekiinua anakitazama usidhani anapoteza muda. Utapakwa dawa ya ngozi yenye spiriti na watasubiri ikauke yenyewe, kuharakisha hapo ni vibaya, na spiriti mbichi inaweza hata kushika moto kwenye mashine ya kuunguza mishipa. Ukisikia baridi sema, mwili ukipoa maambukizi yanaongezeka, omba blanketi. Na mlango wa thieta unatakiwa utulie, kila ukifunguka hewa ya koridoni inaingia. Hapo wewe huna la kufanya ila wenzangu mnaosoma humu mnajijua, simu na stori zikae nje.

Kwa wanaowekewa kwa simenti, mara nyingi simenti yenyewe imechanganywa na antibayotiki ya jentamisini. Wazo lilitoka kwa Buchholz wa Hamburg, Ujerumani, mwishoni mwa miaka ya 60, dawa inavuja taratibu pale pale panapohitajika.

Sasa vidonge vya wiki nzima baada ya hapo. Shirika la Afya Duniani linasema kinga isiendelezwe baada ya oparesheni kuisha, hospitali nyingine zinaenda mpaka masaa 24 basi. Wapo mabingwa wanaowaongezea siku chache wagonjwa wenye hatari kubwa, na ubishi wa kitafiti unaendelea, kwa hiyo usitupe dawa uliyoandikiwa, muulize kwa nini. Ila kukimbilia duka la dawa kujiongezea azithromaisini "ili kuwa salama" hakukusaidii kitu.

Hatua ya 7: wodini na nyumbani, kidonda kiachwe

Plasta haifunguliwi kila siku kuangalia. Kila ukifungua unakaribisha. Nesi akija kugusa mwangalie mikono, kama hajatakasa mwambie. Wageni jamani, najua ni upendo, lakini watu kumi na mbili kuzunguka kitanda kila mtu anabonyeza goti aone kama ni gumu, hapana. Wawili watatu, wasikae kitandani, wasiguse. Nyumbani vivyo hivyo, hakuna maji ya chumvi, hakuna asali, mshubiri, majivu, wala unga wa kapsuli uliofunguliwa ukamwagiwa kwenye kidonda.

Kinachovuja ndo kipimo chako kikubwa. Siku 2 za kwanza doa la damu au maji ya pinki ni kawaida, linatakiwa lipungue kila siku. Zungushia doa kalamu juu ya plasta, andika saa, kesho utaona kama limevuka mstari. Kidonda ambacho siku ya 5 bado kinalowesha plasta kinatakiwa kionwe na aliyekupasua, kikifika siku ya 7 bado kinatoa mara nyingi uamuzi ni kurudi thieta kukisafisha, na kurudi mapema namna hiyo kunaweza kuokoa chuma. Kinachoharibu ni ile "subiri kidogo", mtu anapewa vidonge, anabadilishiwa vidonge, wiki ya sita kidonda kinatoa usaha wa njano na utando umeshajijenga.

Matatizo mengine yasiyo ya maambukizi nayagusia haraka. Kigimbi kikivimba na kuuma upande mmoja, au pumzi ikakata ghafla na kifua kuuma, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda, ni dharura usiku huo huo, na dawa ya kuzuia kuganda uliyoandikiwa usiruke. Nyonga kuchomoka kunatokea zaidi miezi 3 ya mwanzo, na maisha yetu ya chini chini ndo yanachangia: kigoda cha jikoni, choo cha kuchuchumaa, mkeka, kujikunja kuvaa kiatu. Tafuta kiti kirefu, cha choo pia, ukisali sali ukiwa umekaa kwenye kiti mpaka uruhusiwe. Masharti yanategemea umepasuliwa kwa mbele au kwa nyuma, uliza kabla hujaruhusiwa.

Hatua ya 8: ukihisi kuna kitu

Goti jipya linakuwa na joto na uvimbe kwa miezi kadhaa, hilo lisikukimbize. Kinachotakiwa kukukimbiza ni maumivu yaliyokuwa yanapungua yakageuka na kupanda, homa, kidonda kufunguka, wekundu unaotanuka, au tundu dogo linalotoa usaha, linafunga, linatoa tena.

Rudi ulikopasuliwa. Na ukiwa hujazidiwa kwa homa kali, usimeze antibayotiki yoyote kabla maji ya kiungo hayajavutwa na kupelekwa maabara. Dawa inawaficha bakteria, kipimo kinarudi "hamna kitu" wakati wapo, na ukishakunywa mara nyingi inabidi ukae wiki 2 bila dawa ndo uvutwe. Watapima CRP na ESR, vipimo vya damu vinavyopanda mwili ukiwa na maambukizi, watahesabu chembe kwenye maji, wataotesha hayo maji maabara waone kama bakteria wanakua, na wakiwa makini wataotesha mpaka siku 14 kwa sababu kuna bakteria wavivu. Kinachohesabika kama uhakika ni tundu linalowasiliana na kiungo, au sampuli 2 zilizootesha mdudu yule yule.

Ikithibitika, njia ni tatu. Ukiwahi, yaani kama ndani ya wiki 4 za oparesheni au wiki 3 tangu dalili zianze kwa maambukizi ya ghafla, wanafungua, wanasugua, wanabadilisha kile kipande cha plastiki na chuma kinabaki. Ukichelewa chuma kinatoka, ama kinawekwa kipya siku hiyo hiyo, ama unakaa na simenti yenye dawa kwa wiki kadhaa ndo unawekewa kipya. Baada ya hapo dawa za muda mrefu. Habari njema kwa mfuko ni utafiti wa OVIVA wa Uingereza, 2019, watu 1,054 wenye maambukizi ya mifupa na viungo, waliopewa vidonge wiki 6 za mwanzo hawakufanya vibaya kuliko waliochomwa sindano, ila ni vidonge vilivyochaguliwa kwa majibu ya maabara siyo vya kukisia. Kisha DATIPO ya Ufaransa 2021 ikaonyesha kwenye viungo bandia wiki 6 hazitoshi kama 12, maambukizi yaliendelea kwa asilimia 18.1 dhidi ya 9.4. Kwa hiyo ukiambiwa miezi mitatu usiache kwa sababu umeshajisikia vizuri wiki ya tano.

Hatua ya 9: stika, na miaka inayofuata

Kila kipande kilichoingia mwilini mwako kilitoka kwenye boksi lenye stika zenye jina, saizi na namba ya toleo. Zinabandikwa kwenye faili. Kabla hujatoka wodini piga picha hizo stika, jitumie na mwanao au mwenza wako awe nayo. Mwezi wa 8 mwaka 2010 nyonga za ASR za DePuy, chuma kwa chuma, ziliondolewa sokoni dunia nzima baada ya kuonekana zinaharibika mapema kuliko kawaida, usajili wa Australia ukiwa wa kwanza kuliona. Nchi zenye usajili ziliwapata wagonjwa wao na kuwaita. Huku nchi nyingi hazina huo usajili, kwa hiyo usajili wako ni hiyo picha. Na siku ukihitaji kurudiwa, daktari akijua ni chuma gani anakuja na vifaa vyake sawa sawa.

Hata miaka kumi baadaye jipu au kidonda cha mguu kinaweza kurusha bakteria kwenye damu wakafika kwenye chuma, tibu mapema. Meno, piga mswaki na uende kukaguliwa. Ukienda kung'oa mtajie daktari wa meno una kiungo bandia, ila Chama cha Madaktari wa Meno Marekani tangu 2015 hakipendekezi kwa ujumla mtu mwenye kiungo bandia apewe antibayotiki kabla ya kila kazi ya meno, kwa hiyo akikuandikia muulize kama anaona una hatari ya ziada au anakuandikia kwa mazoea. Picha ya eksirei nenda nayo kila unaporudi klinik hata kama huumwi, kulegea kwa chuma kunaonekana kwenye picha kabla ya kusikika kwenye mguu, na wanalinganisha na ile ya mwanzo, kwa hiyo ya mwanzo usiitupe.